Kabla ya Kulipa Ada, Omba Kuona Madaftari

Kuanzia Julai hadi Desemba, ukipita Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kutoka Mwenge hadi Bunju, au ukikata kushoto kuingia Goba, nguzo na kuta zimejaa mabango ya shule. Moja lina watoto waliovaa majoho ya mahafali na maneno "Wote Daraja A". Jingine lina mtoto aliyekaa kwenye zulia, mbele yake vipande vya mbao vya rangi, na maneno kuhusu ubunifu, vipaji na kujiamini. Mzazi aliyejibana mwaka mzima kupata ada anasimama kati ya mabango hayo na kuuliza swali linalozunguka kwenye kila kundi la WhatsApp la wazazi: nimpeleke shule ya nidhamu na mitihani, au shule ya hizi mbinu mpya?

Swali hilo linachanganya mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe kabla hata ya kuulizia ada. Kuna mtaala, yaani yale mtoto anayotakiwa kujifunza na mtihani atakaoufanya mwishoni. Kuna mbinu, yaani jinsi mwalimu anavyomfikisha hapo. Wazazi wengi wa Dar es Salaam wanaposema "shule ya kisasa" wanamaanisha shule ya mtaala wa Cambridge wa Uingereza, na wanaposema "shule ya kawaida" wanamaanisha shule ya mchepuo wa Kiingereza inayofuata mtaala wa Tanzania na mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Lakini zipo shule za Cambridge hapa mjini ambazo kuanzia Januari hadi Desemba watoto wanakaririshwa mitihani iliyopita, na zipo shule za NECTA ambazo mwalimu wa sayansi wa darasa la tano anawatoa watoto nje na kuwapimisha kivuli cha mlingoti wa bendera saa tatu, saa sita na saa tisa. Mtaala wa nje haukuhakikishii kwamba mtoto atafundishwa kufikiri.

Wala wazo la kumfundisha mtoto kwa vitendo halikuletwa na shule za kitajiri za Masaki. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, malalamiko yake makubwa yalikuwa yale yale tunayoyasikia leo: kwamba shule inamtenga mtoto na jamii yake, inamwaminisha kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na inaupa mtihani uzito kupita kiasi. Mtaala wa taifa umekuwa ukitaka kujenga umahiri tangu mwaka 2005. Kwenye makaratasi, kwa hiyo, shule zetu karibu zote ni za vitendo. Tofauti iko darasani, na ushahidi wa yanayofanyika darasani ni daftari la mtoto.

Chukua hesabu moja tu ya darasa la tatu: 403 kutoa 178. Jibu ni 225. Mtoto mmoja anaandika 375. Mwenzake anaandika 275. Wote wawili wamekosa, na kwenye madaftari mengi wote watapata alama ile ile ya mkasi kwa kalamu nyekundu. Lakini angalia walivyofika huko. Aliyeandika 375 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa katika kila safu, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Huyu hajajua kabisa habari ya kukopa. Aliyeandika 275 anajua kukopa, ila alipokuta sifuri kwenye makumi aliiruka, akaenda kukopa kwenye mamia na kuipa safu ya mamoja moja kwa moja. 13 toa 8 ikampa 5, kisha kwenye makumi akageuza 0 toa 7 kuwa 7. Anachokosa ni kuelewa kwamba mia moja lazima kwanza ivunjwe kuwa makumi kumi. Ukiwapa wote wawili hesabu kumi zaidi za aina hiyo hiyo kama adhabu, kila mmoja atakosa kumi kwa njia yake, na kosa litazidi kukomaa.

Hapa ndipo unapoijua shule. Mwalimu mzuri, hata awe wa chaki na ubao tangu ujana wake, atamwambia mtoto, "Nisomee ulivyofanya." Akishasikia maneno matatu anajua ugonjwa uko wapi. Mwalimu mzuri wa Montessori, mbinu ya mtoto kujifunza kwa zana za kushika kwa mikono, atafanya kazi hiyo hiyo kwa shanga: shanga moja moja ni mamoja, kijiti cha shanga kumi ni kumi, bapa la vijiti kumi ni mia, mche wa mabapa kumi ni elfu. Mtoto anapewa mabapa manne na shanga tatu, anaambiwa atoe 178. Anafika kwenye shanga nane, anazo tatu. Anatafuta kijiti cha kuvunja, hakuna. Inabidi abebe bapa moja hadi kwenye kikapu, alibadilishe kwa vijiti kumi, kisha kijiti kimoja kati ya hivyo akibadilishe kwa shanga kumi. Mkono umefanya hatua mbili, ikiwemo ile moja ambayo kichwa kilikuwa kinairuka. Akimaliza, anaandika.

Hapo kwenye kuandika ndipo shule nyingi za mbinu mpya zinapoangukia. Mtoto anacheza na shanga muhula mzima, anafurahi, picha zinatumwa kwa wazazi, lakini hakuna aliyemvusha kutoka shanga kwenda karatasi, na kutoka karatasi kwenda kichwani. Akifika darasa la nne anajua kubadilisha bapa kwa vijiti lakini hesabu tano kwenye daftari zinamchukua saa nzima. Zana ni daraja la kumvushia, na lazima kuwe na ng'ambo anayokwenda.

Kwa hiyo unapokwenda kuitembelea shule, omba madaftari ya hisabati ya watoto watatu wa darasa moja: anayeongoza, wa katikati, na anayeshika mkia, majina yakiwa yamefunikwa. Kwenye kila daftari tafuta mambo machache. Je, mwalimu amesahihisha hatua au jibu la mwisho tu? Je, chini ya makosa kuna masahihisho yaliyofanywa na mtoto na kupitiwa tena na mwalimu, au kosa la Februari linaonekana tena Aprili na tena Juni? Tarehe zinafuatana, au kuna wiki mbili hazina kitu? Kisha chukua daftari la sayansi au maarifa ya jamii la watoto hao hao. Kama maelezo ni yale yale neno kwa neno, hadi kosa la tahajia alilofanya mwalimu ubaoni limo kwenye madaftari yote matatu, ujue hapo watoto wananakili. Kama kila mmoja ameandika sentensi zake, hata zikiwa zimepinda, hapo kuna kitu kinafundishwa. Shule itakayokataa kukuonyesha daftari lolote imeshakujibu.

Neno Montessori linahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu limebandikwa kwenye mageti mengi kuanzia Kigamboni hadi Kinyerezi. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma, kwenye mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, Januari 6, 1907. Tanzania nayo ina vyuo vinavyofundisha walimu wa mbinu hii, vingine vikiendeshwa na masista wa Kanisa Katoliki, na walimu waliopita huko wanajulikana kwa kazi zao. Darasa lenyewe lina sifa ambazo mzazi anaweza kuzihakiki kwa macho. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wako chumba kimoja. Zana ziko kwenye rafu fupi wanazozifikia wenyewe, na kila zana ni moja tu, ili mtoto ajifunze kusubiri zamu. Kuna muda mrefu wa kazi usiokatizwa na kengele, kwa kawaida wa karibu saa tatu nzima. Kuna herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, ambazo mtoto anazifuatisha kwa vidole huku akitamka sauti yake. Kuna mnara wa waridi: vipande kumi vya mche, kidogo kabisa kikiwa na sentimita 1 kila upande na kikubwa sentimita 10. Mtoto akikosea mpangilio, mnara wenyewe unamwonyesha. Hahitaji mtu mzima wa kumwambia.

Sasa nenda kwenye shule nyingi zenye jina hilo. Mnara umewekwa juu ya kabati la kioo la ofisi. Watoto wa miaka mitatu wako peke yao, wa minne peke yao, wa mitano peke yao, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakiimba alfabeti kwa pamoja, na kila nusu saa somo linabadilishwa. Hiyo ni shule ya chekechea ya kawaida, na huenda ni nzuri kwa namna yake, lakini unalipishwa bei ya kitu usichopewa. Jambo hili lina uzito wa kitafiti pia. Mtafiti Angeline Lillard wa Marekani alichapisha mwaka 2012 utafiti uliolinganisha madarasa ya Montessori yanayofuata mbinu kwa ukamilifu, yale yanayochanganya na vitu vingine, na ya kawaida. Waliopiga hatua kubwa zaidi ndani ya mwaka wa masomo walikuwa watoto wa madarasa yaliyofuata mbinu kwa ukamilifu. Kwa hiyo ukifika, uliza: walimu wangapi wana cheti cha Montessori, walikipata chuo gani, na asubuhi watoto wanakatizwa mara ngapi?

Haitakuwa haki kuishia hapo bila kuitetea shule ya zamani. Mtoto anayejua meza ya kuzidisha hadi 12 bila kufikiri ana nafasi kichwani ya kushughulikia sehemu na asilimia. Asiyejua anakwama kwenye 7 mara 8 wakati wenzake wameshafika kwenye swali lenyewe. Mwandiko unaosomeka, kuheshimu muda, kukaa dakika arobaini ukimaliza kazi moja, hivi ni vitu vinavyofundishwa, na shule za zamani zinavifundisha. Marekani iliwahi kufanya jaribio kubwa sana kwa watoto wa familia maskini, lililoanza mwaka 1968, kulinganisha njia mbalimbali za kufundisha madarasa ya mwanzo. Njia ya mwalimu kufundisha moja kwa moja, hatua kwa hatua, huku akipima na kurudia, ndiyo iliyofanya vizuri zaidi kwenye stadi za msingi, na hata kwenye namna watoto walivyojiona wenyewe ilikuwa juu. Anayemkejeli mwalimu anayesimama mbele na kueleza vizuri hajakaa na mtoto asiyejua kusoma.

Kinachoharibu shule hizi ni mbio za matokeo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na wastani wa daraja A unaanzia alama 241. Aliyepata 242 na aliyepata 295 wote ni A. Sehemu kubwa ya mtihani ni kuchagua jibu na kusiliba kivuli kwenye fomu. Shule yenye nia ya bango inaweza kumfikisha mtoto wa kawaida kwenye 241 kwa mazoezi ya maswali yaliyopita, kambi za usiku, na mitihani kila Jumamosi kuanzia darasa la sita. Huyo mtoto ana A halali. Halafu anafika kidato cha kwanza, anaambiwa aandike aya mbili za kueleza kwa nini maji ya Mto Msimbazi yanafurika haraka mvua ikinyesha, na hana pa kuanzia, kwa sababu kwa miaka miwili hajaandika sentensi yake mwenyewe.

Njia nyingine ya kupata bango ni kuwachuja watoto. Hili linaweza kuhakikiwa na mzazi yeyote mwenye simu, na nashangaa ni wachache wanaofanya. Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, uamuzi mzuri, lakini matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti yake. Tafuta matokeo ya upimaji wa darasa la nne wa shule unayoitaka kwa mwaka mmoja, uhesabu watahiniwa. Kisha fungua matokeo ya darasa la saba ya miaka mitatu baadaye. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2021 ndio waliofanya darasa la saba mwaka 2024. Tuseme darasa la nne walikuwa 62 na darasa la saba wamebaki 41. Watoto 21 wamekwenda wapi? Wengine wamehama mji, wengine ada imewashinda wazazi. Hilo hutokea kila shule. Lakini wakipungua theluthi nzima, na waliopotea wengi ni wale waliokuwa na C na D darasa la nne, basi ile "Wote Daraja A" imepatikana kwa kuwaondoa waliokuwa hawajafika. Kwa sekondari fanya vivyo hivyo: kidato cha pili cha mwaka mmoja na kidato cha nne cha miaka miwili mbele. Linganisha pia mwaka mwingine, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa na sababu zake.

Serikali imekataza shule binafsi kumwondoa au kumkaririsha mtoto kwa sababu tu hakufikia wastani uliowekwa na shule. Bado mzazi anaitwa ofisini Novemba na kuambiwa kwa upole kwamba "mtoto atafaa zaidi mazingira mengine". Ndiyo maana wakati wa kuandikisha uliza wastani wa shule ni upi na nini hutokea kwa asiyefikia, na uombe jibu hilo kwa maandishi.

Kuhusu viboko nitasema kifupi kwa sababu sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike pale ambapo yupo. Shule inayojisifu kwa nidhamu iulize kitabu hicho kiko wapi. Kama kila mwalimu anatembea na fimbo kwenye korido, hawafuati hata kanuni inayowaruhusu. Na kwa mtoto anayejifunza kutoa 178 kwenye 403, fimbo inamfundisha kunakili jibu la jirani. Bweni nalo lina mpaka: tangu mwaka 2023 watoto wa awali hadi darasa la nne hawaruhusiwi kulala shuleni isipokuwa kwa kibali maalumu.

Suala la lugha linaumiza zaidi, maana ndiyo sababu ya wazazi wengi kulipa. Mtoto wa darasa la pili anasoma ukurasa wa Kiingereza kama maji, babu na bibi wanapiga makofi. Mchukulie kitabu ambacho hajawahi kukiona, asome aya moja, halafu funga kitabu na umwambie, "Haya, nisimulie kwa Kiswahili nini kimetokea." Akisimulia, amesoma. Akibaki kukutazama, anatamka tu. Jaribio hili linafaa kwa shule zote mbili, na mara nyingi linawafichua watoto wa pande zote mbili. Shule inayomvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili inapata watoto wanaonyamaza, na mtoto aliyenyamaza hana namna ya kumwambia mwalimu kwamba hajaelewa. Tena Kiswahili ni somo kamili la mtihani wa darasa la saba hata kwa shule za mchepuo wa Kiingereza: alama 50 kati ya 300. Angalia ratiba kina vipindi vingapi kwa wiki, na kama hupangwa mwisho wa siku watoto wakiwa wamechoka.

Ukikaa darasani, na omba ukae kipindi kizima siku ya Jumanne au Jumatano kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, si siku ya maonyesho, sikiliza nani anaongea. Kuna aina ya ufundishaji inayosikika hai lakini ndani haina kitu: "Moyo unasukuma da...?" na darasa zima, "Damuuu!" "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Mtoto anayejua na asiyejua wameitika kwa sauti moja, na mwalimu hawezi kuwatofautisha. Chukua karatasi, weka mstari kila mwalimu anapouliza swali lisilo na jibu la neno moja, na mstari mwingine kila mtoto anapotoa zaidi ya sentensi moja. Kwenye shule ya mbinu mpya fanya hesabu nyingine: chagua mtoto mmoja aliye kimya, mfuate kwa macho dakika ishirini, andika anachofanya. Uhuru uliopangwa vizuri unaonekana kwa mtoto aliyezama kwenye kazi na mtu mzima aliyemfikia angalau mara moja. Uhuru uliotelekezwa unaonekana kwa mtoto anayezunguka kutoka rafu hadi rafu, hakuna anayemwona. Idadi nayo inasema mengi. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa darasa la awali na 45 kwa msingi. Kipindi cha dakika arobaini kikigawanywa kwa watoto 45, hakuna hata dakika moja kwa kila mtoto. Shule inayoahidi kumfuatilia kila mtoto ikiwa na 40 chumbani na mwalimu mmoja inaahidi kisichowezekana.

Kisha kuna barabara. Mtaala mzuri ulioko Mbweni kwa mtoto anayeishi Mbagala ni mtaala wa kusinzia. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Gari la shule likimchukua saa kumi na moja alfajiri, ameamshwa saa kumi na nusu. Ili apate saa tisa tu, awe amelala saa moja na nusu usiku. Likimrudisha saa kumi na mbili jioni, ana saa moja na nusu ya kuoga, kula, kufanya kazi za nyumbani na kuwaona wazazi wake. Hakuna mbinu ya kufundisha, ya zamani wala mpya, inayofanya kazi kwa mtoto anayepata usingizi wa saa sita tu. Uliza gari linaanzia wapi na mtoto wako atakuwa wa ngapi kupakiwa. Aliye wa kwanza asubuhi mara nyingi ndiye wa mwisho jioni. Mimi ningechukua shule ya wastani iliyo dakika ishirini kutoka nyumbani kuliko shule yenye sifa iliyo ng'ambo ya foleni mbili.

Uchaguzi wenyewe, kwa maoni yangu, unategemea umri kuliko falsafa. Kati ya miaka mitatu na saba hasara kubwa ni kumweka mtoto kwenye shule ya kukariri, kwa sababu hapo ndipo anapojenga maana ya namba, sauti za herufi na hamu ya kuuliza. Ukipata Montessori ya kweli au darasa la vitendo lililosimamiwa vizuri, lipia. Kuanzia darasa la nne au la tano hasara kubwa ni shule isiyosahihisha na isiyodai kazi ikamilike, hata kama watoto wana furaha. Hapo tafuta mwalimu mkali wa madaftari, awe upande wowote.

Ukitaka kuhama, hama mapema. Kutoka shule ya mbinu mpya kwenda shule ya NECTA, mtoto atapungukiwa na kasi, Kiswahili cha kuandika, uraia na maadili, na mazoea ya fomu ya kusiliba. Mpe walau mihula miwili kabla ya mtihani wa taifa. Kutoka shule ya kukariri kwenda Cambridge au IB (mtaala mwingine wa kimataifa), atapungukiwa na kueleza kwa maneno yake na kujitetea anapoulizwa "kwa nini". Alama zake zitashuka muhula wa kwanza, na hiyo isikutishe. Hakikisha pia makaratasi. Kwenye mfumo wa taifa mtoto ana namba ya PREM, yaani mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, na uhamisho hupitia humo. Ukimtoa kwenye shule ya mtaala wa nje kumrudisha kwenye mtaala wa Tanzania, pita ofisi ya elimu ya manispaa kwanza, kabla ya kulipa popote. Akimaliza sekondari na vyeti vya nje, ataviombea ulinganifu NECTA ili aendelee na masomo hapa nchini.

Kwa walio na watoto walioingia darasa la tatu au la nne mwaka 2024 kuna jambo la ziada. Kwa mpango mpya wa miaka sita ya msingi, makundi hayo mawili yanamaliza pamoja mwaka 2027, moja likiwa darasa la sita na jingine la saba, na yote yanatafuta kidato cha kwanza Januari 2028. Shule za sekondari zenye jina zitakuwa na waombaji maradufu kwa madawati yale yale, na usaili wake utabana. Usaili huo huwa wa hisabati na Kiingereza, na mara nyingi fomu huuzwa katikati ya mwaka. Mtoto wa darasa la sita atakaa chumba kimoja na wa darasa la saba aliyemzidi mwaka mzima. Mzazi wa mtoto huyo aulize shule yake sasa hivi ni mada zipi za darasa la saba la zamani zitafundishwa kabla ya usaili, na nani atazifundisha. Baada ya hapo aombe daftari la hisabati, afungue ukurasa wa jana.